Tulivyoenda Kalenga na dogo anayesoma kijerumani

Safari yenyewe wala haikuwa ya kwenda kuangalia historia, tusidanganyane. Shangazi yetu wa Iringa alikuwa na sendofu ya binti yake jumamosi, mi nikapangiwa kwenda kuwakilisha upande wa Mbeya pamoja na mdogo wangu wa kike ambaye sa hivi kichwani hamna kitu kingine zaidi ya kijerumani. Ni nesi, anasomea ngazi ya B1 ya hicho kijerumani, anataka akafanye kazi huko Ujerumani. Kwahiyo tangu tunatoka stendi ya Nane Nane alfajiri mpaka Chimala mi naangalia mashamba ya mpunga, yeye kaweka hedifoni anatamka der, die, das kwa sauti ya chini. Mama wa siti ya mbele akageuka mara mbili, nahisi alijua tunakemea mapepo.

Makambako baridi kama kawaida yake, tukanunua mahindi ya kuchoma dirishani, basi likaondoka chenji haijarudi, nikasamehe. Tulipoanza kuingia kwenye yale mapaini ya Saohill pale Mafinga nikamtoa hedifoni nikamuuliza hivi unajua sisi na hao watu wako tushawahi kununiana kibalozi?

"Si walitutawala kaka."

Nikamwambia hapana, hiyo ya kututawala kila mtu anaijua, mi naongelea baada ya uhuru. Mi ni mtu wa kusoma haya mambo usiku badala ya kulala so nikapata nafasi ya kujimwaga. Ujerumani wakati ule zilikuwa mbili, na ile ya Magharibi ilikuwa na sera yao inaitwa ya Hallstein, yaani nchi yoyote itakayoitambua Ujerumani Mashariki hao wanakata nayo urafiki, chagua moja. Sasa sisi Tanganyika tulikuwa na wa Magharibi tangu 1961, wanatusaidia hadi mambo ya kufundisha jeshi, mara Januari 1964 Zanzibar wanapindua, na serikali ya Karume haikupoteza muda ikawatambua wa Mashariki. Aprili tukaungana. Hebu fikiria hapo, ni kama umeoa mwanamke mwenye rafiki ambaye baba mwenye nyumba wako kasema hataki kumuona getini.

Nyerere akatafuta njia ya katikati, hakuwapa wa Mashariki ubalozi kamili akawaruhusu wafungue ubalozi mdogo Dar, hiyo ni mwanzoni mwa 1965. Wa Magharibi wakakasirika hivohivo wakaondoa wale wataalam wa jeshi. Mwalimu nae akawaambia kama msaada ndo una masharti ya namna hiyo basi chukueni na mingine ya serikali yenu yote mliyobakiza. Yote! Nchi ina miaka mitatu na kitu, haina hata barabara ya lami ya kutoka hapa tulipo kwenda Dar. Ilikuja kutulia taratibu, na 1972 zile Ujerumani mbili zilipokubaliana zenyewe na sisi tukaitambua rasmi ya Mashariki, ila ukienda Unguja leo yale maghorofa marefu ya Michenzani ni kumbukumbu ya urafiki wa kipindi kile.

Dogo akasikiliza, akasema "kumbe Mwalimu alikuwa mkali", akarudisha hedifoni. Sawa.

Sendofu ilipita salama, tulikula, mc aliongea sana, sitaki kuirudia. Jumapili tukawa huru ndo nikamwambia twende Kalenga si mbali, kama kilomita 15 hivi kutoka mjini kwenye barabara ya kwenda mbuga ya Ruaha. Daladala ikajaa mpaka mi nikawa nimebeba kuku wa mtu kwenye mapaja, nje vumbi, ndani "kamwene, kamwene" kila anayepanda lazima asalimie basi zima, hiyo tabia ya Wahehe naipenda kwakweli, kwetu Mbeya mtu anapanda kanuna.

Kalenga ukifika usitegemee kuona ngome. Ilikuwa ndo makao makuu ya Mtwa Mkwawa, yaani chifu mkuu wa Wahehe, ila Wajerumani waliipiga mizinga Oktoba 30, 1894 na kilichobaki ni kijiji cha kawaida, mto Ruaha Mdogo, miembe, na kamakumbusho kadogo ambako ukiwa na haraka unakapita. Kijana wa pale akatupokea vizuri akaanzia pale Lugalo ya huku Iringa, Agosti 17, 1891, jinsi yule kamanda wa Kijerumani Zelewski ambaye wenyeji walimwita Nyundo alivyoingia kwenye mtego na akafia hapohapo na sehemu kubwa ya jeshi lake. Kisasi chao ndo hiyo mizinga ya miaka mitatu baadae. Mkwawa hakukamatwa, akapigana vita ya msituni miaka karibu minne, na Wajerumani wakaweka dau la rupia 5,000 kwa atakayeleta kichwa chake. Julai 19, 1898 kule Mlambalasi alipoona wamemfikia akajipiga risasi mwenyewe. Sajenti wa Kijerumani aliyemkuta akaondoka na kile kichwa.

Na kichwa chenyewe kipo hapo. Ndani ya kioo. Nilikuwa najua kipo, nilishasoma, lakini kujua na kusimama mbele yake ni vitu viwili, mi nilijikuta nimevua kofia. Ni kidogo kuliko nilivyofikiria.

Hapo sasa ndo penye kitu ambacho kila nikikumbuka nachoka. Vita ya kwanza ya dunia inaisha, wakubwa wamekaa Versailles 1919 wanagawana dunia, mipaka, madeni, meli, na kwenye ule mkataba kuna kifungu cha 246 kinasema Ujerumani ndani ya miezi sita iwakabidhi Waingereza fuvu la Sultani Mkwawa. Kifungu hichohicho kinataka na Quran ya Khalifa Uthman irudishwe kwa mfalme wa Hijazi, kule Uarabuni. Yaani Iringa imo kwenye mkataba wa Versailles kabla hata haijawa na stendi! Hakuna Mhehe aliyekaa kwenye ile meza lakini. Wazo lilitoka kwa Byatt, mkuu wa Waingereza huku kwetu, aliona likirudi Wahehe watafurahi na watajua kwamba Mjerumani kaondoka kweli. Kichwa cha mtu kikawa karata.

Miezi sita ikawa miaka 35. Wajerumani walikuwa wanajibu hatujui lilipo. Mpaka 1953 Twining, gavana wa Waingereza huku kwetu, akaenda mwenyewe Bremen, Ujerumani, kwenye makumbusho, kukawa na mafuvu kama 2,000, kati ya hayo 84 yametoka huku Afrika Mashariki. Wakachambua yanayofanana vipimo na vichwa vya ndugu wa Mkwawa walio hai, kisha wakachukua lenye tundu la risasi. Juni 19, 1954 akalikabidhi hapa Kalenga kwa Chifu Adam Sapi, mjukuu, yule aliyekuja kuwa Spika wetu wa Bunge miaka mingi. Wiki tatu hazijaisha TANU ikazaliwa Dar, kwahiyo kama Twining alikuwa anatafuta shukrani alichelewa.

Kijana akamaliza, akauliza kama tuna swali. Mi nilikuwa nataka kuuliza kama kuna uhakika ni lenyewe, maana watu wanabishana, nikaona aibu mbele ya kioo. Dogo ndo akauliza.

"Na yale 83?"

Kijana akacheka kidogo, sio kicheko cha furaha.

Tukatoka nje tukakaa chini ya mti. Nikamwambia nachojua: Berlin peke yake walichunguza mafuvu 1,135 yaliyotoka kwenye koloni lao la huku, mengi ya Rwanda lakini ya Tanzania yapo 202, na 2023 walipopima DNA wakapata ndugu walio hai Kilimanjaro. Mwaka huohuo, Novemba 1, rais wao Steinmeier akaja Songea akaomba msamaha kwa yaliyotokea Majimaji mbele ya ukoo wa Chifu Songea Mbano, ambaye na yeye kichwa chake kinatafutwa mpaka leo. Nikamuuliza sasa wewe unaenda huko utajisikiaje, akasema kaka mimi naenda kuhudumia wazee wao, mshahara nitumie mama, hayo mengine nitawauliza nikishajua lugha vizuri.

Sikuwa na la kujibu hapo.

Kwenye daladala ya kurudi alikuwa kimya, nikadhani kasinzia kumbe yuko kwenye simu. Akatoa daftari lake akaandika kitu, nikachungulia.

"Fuvu," akasema. "Schädel. Ni der, sio das, nilikuwa najua das."

Konda akagonga bati, mjini hapo, andaeni nauli.