Vitunguu Vinavyorudi

Kisumu, Jumapili usiku

Jioni ya leo nimekaanga omena, yaani dagaa, huku daftari la Kifaransa likiwa limeegemezwa kwenye mtungi wa maji, kwa kuwa mwalimu ametutaka, sisi tunaoanza, tueleze kwa sentensi kumi jinsi tunavyopika nyumbani.

Nilianza na Je cuisine tous les jours, yaani mimi hupika kila siku. Kifaransa hakina kiambishi cha mazoea kama hu- yetu. Kitenzi hukaa katika wakati uliopo, na mazoea hubebwa na maneno ya pembeni kama d'habitude (kwa kawaida), souvent (mara nyingi) au tous les jours. Hata hivyo, nimeona undugu fulani. Ukisema "hupika" bila kutanguliza mimi, wewe au yeye, msikilizaji hamjui mpishi. Kadhalika cuisine, cuisines na cuisinent huandikwa tofauti lakini hutamkwa sawasawa, hivyo ukidondosha je (mimi) au tu (wewe), sufuria inabaki jikoni bila mwenyewe.

Kilichonisumbua wiki nzima ni faire, yaani kufanya. Sikuelewa kwa nini mtu asiseme tu kwamba anachemsha maji, bali aseme faire bouillir, hadi leo niliposimama mbele ya jiko na kujisemea kwamba maji yanachemka, nami ninayachemsha. Bouillir ni kuchemka. Faire bouillir ni kuchemsha. Wali unaiva, le riz cuit. Ninauivisha, je fais cuire le riz. Kazi ambayo Kiswahili huifanya kwa kubadilisha mwisho wa kitenzi, Kifaransa huifanya kwa kutanguliza neno zima. Laiti ningeelezwa hivyo siku ya kwanza, badala ya kupewa orodha ya kukariri!

Faire revenir bado inanichekesha, kwa maana ukiifasiri neno kwa neno ni kuvifanya vitunguu virudi, na sijui vilikuwa vimekwenda wapi. Maana yake ni kuvikaanga katika mafuta ya moto mpaka vigeuke rangi, jambo ambalo nimekuwa nikilifanya tangu utotoni bila kujua kwamba kuna safari ndani yake.

Kuhusu du, de la na des, yale maneno madogo yanayotangulia kitu kuonyesha kiasi fulani chake, sina subira nayo. Kwetu mtu hutia chumvi, basi; kwao hutia du sel, na asipotia, ile du hugeuka de: je ne mets pas de sel.

Darasani tulionywa pia tusichanganye poisson, samaki, na poison, sumu, ambayo s yake hutamkwa kama z. Sisi tuliolelewa kwa Kijaluo, lugha isiyo na sauti ya z, hatari yetu ni ya kinyume: tunaweza kumwonya mtu kuhusu sumu naye akadhani tunamkaribisha ale samaki.

Ugali nimeuandika la pâte, kama wanavyouita Togo na Benin. Omena nimeziacha kwa jina lake, nikaongeza petits poissons séchés, samaki wadogo waliokaushwa, ili mwalimu asipate taabu.

Nilipofikia sentensi ya tisa, binti yangu alichungulia mlangoni akauliza, "Mama, chakula bado?"

Nikamjibu, "L'eau bout," maji yanachemka.

Akatazama sufuria, akaona mapovu. "Basi tia unga, Mama."

Sentensi ya kumi sijaiandika.