Kabla ya waksi: gari lililokaa juani na vumbini

Gari lililolala miezi chini ya mjakaranda hapa Arusha, au nje ya nyumba kule Moshi bila turubai, mara nyingi rangi yake haijafa. Juu kuna uchafu ulioganda, na chini ya uchafu kuna ngozi nyembamba ya rangi iliyopauka kwa jua. Waksi haiondoi hata kimoja kati ya hivyo. Ukiipaka juu ya uchafu, gari litang'aa siku chache, kisha litarudi kule kule likiwa na mikwaruzo mipya. Ndiyo maana tunasisitiza: kazi kubwa iko kabla ya kopo la waksi kufunguliwa.

Usifute gari kavu, iwe kwa tambara au kwa lile brashi la manyoya wanalouza stendi. Vumbi la huku linatokana na udongo wa volkano, na punje zake ni ngumu kuliko klia, yaani tabaka la juu linalokinga rangi. Kila unapofuta unapiga msasa. Ile michoro kama utando wa buibui inayoonekana jua likipiga boneti chanzo chake ni hicho.

Anza asubuhi, kivulini, bodi ikiwa baridi mkononi. Mwaga maji mengi kuanzia juu ya paa kushuka, bila kugusa na kitu. Mashine ya presha ikae umbali wa sentimita 30 au zaidi, na pale klia ilipoanza kubanduka usiipeleke kabisa. Maua ya mjakaranda yaliyogandia na kinyesi cha kunguru havikwanguliwi kwa kucha. Laza juu yake kitambaa chenye maji ya vuguvugu kwa dakika 10, vilainike. Madoa ya lami yanatoka kwa mafuta ya taa kidogo kwenye kitambaa, kisha paosheke hapo hapo kwa sabuni.

Tumia ndoo mbili, kila moja maji lita 10. Moja ina shampuu ya gari kwa kipimo cha chupa, nyingine maji matupu ya kusuuzia. Sponji au glovu ya maikrofaiba ikitoka kwenye gari iingie kwanza ndoo ya maji matupu, ndipo irudi kwenye povu. Sehemu za chini za milango na bampa ziwe za mwisho, na rimu ziwe na kitambaa chake. Sabuni ya unga ya kufulia iache kwenye nguo: inaondoa kinga yote iliyobaki na kukausha mipira ya madirisha. Kausha kwa taulo la maikrofaiba, maana matone yakikaukia juani yanaacha alama nyeupe za madini.

Sasa pima. Vaa mkononi mfuko mwembamba wa nailoni (rambo zilipigwa marufuku 2019, lakini ule unaofungia mkate unafaa) na upitishe vidole juu ya boneti. Ukihisi chenga chenga, kuna uchafu uliozama ambao maji hayautoi. Hapo ndipo klei ya gari, yaani donge laini la kunasa uchafu, inahitajika. Kata kipande, kikande kiwe bapa, lowesha eneo kwa maji ya shampuu, kisha kipitishe taratibu kwa mistari iliyonyooka bila kukandamiza. Kikianza kuchafuka, kikunje upande safi uje juu. Kikianguka chini kitupe, hata kama kilikuwa kipya, kwa sababu changarawe moja iliyonasa humo itachora mlango mzima.

Baada ya klei ndipo unajua kama kampaundi, yaani dawa ya kusugua rangi iliyopauka, inahitajika. Pitisha ukucha juu ya mkwaruzo: ukinasa, mkwaruzo huo ni wa kina na hautaisha kwa kusugua. Mabaka meupe yanayobanduka kama magamba maana yake klia imekwisha, na dawa yake ni fundi rangi peke yake. Kilichopauka tu kinafufuka. Jaribu kwanza eneo la sentimita 40 kwa 40, matone matatu au manne ya kampaundi laini kwenye sponji, sugua kwa mizunguko inayopandana, futa, kisha angalia juani. Kitambaa kikitoka na rangi ya gari, gari hilo halina klia pale, kwa hiyo punguza nguvu. Kingo za milango na mikunjo ya bodi zizibe kwa tepu ya karatasi, kwani hapo rangi ni nyembamba zaidi.

Ukimpa fundi, tazama mashine yake. Grinda ndogo ya kukatia vyuma iliyofungwa sponji inazunguka takriban mara 11,000 kwa dakika. Inachoma klia kabla fundi hajastuka. Mashine ya polishi yenyewe haihitaji hata robo ya mwendo huo.

Waksi sasa ni kazi nyepesi. Paka safu nyembamba, paneli moja moja, usiguse plastiki nyeusi kwa sababu doa jeupe litagoma kutoka. Subiri iwe ukungu, kisha jaribu kwa kidole: ikitoka bila kuvutika, ifute kwa taulo safi ukiligeuza mara kwa mara. Safu nene haikingi zaidi, inasumbua tu kufuta. Gari lililotoka kupakwa rangi mpya lisubiri angalau siku 30, ili viyeyusho vilivyo ndani ya rangi vitoke.

Kwa jua la Moshi, waksi ya nta ya kanauba tarajia mwezi mmoja hadi miwili. Mwaga maji juu ya boneti iliyooshwa: yakitanda badala ya kusimama kama shanga, rudia safu.