Bibi wa kwenye simu

Nianze na jina la mwanangu, maana bila hilo hamtaelewa kwa nini watu walikuwa wananigeukia uwanja wa ndege. Mtoto wangu wa pili amerithi jina la baba yangu mzazi, Hamisi. Kwetu huwezi kumfokea mtoto "We Hamisi, nitakuchapa!" na jina lenyewe ni la mzee wako. Kwa hiyo namwita Baba. Mtaani Mbagala wameshazoea. Lakini simama kwenye foleni ya ukaguzi na mabegi mawili mkononi, kisha upaze sauti, "Baba, vaa suruali!" Watu wazima wote wanageuka kumtafuta huyo mzee.

Baba alikuwa anatimiza miaka miwili tarehe 3 Desemba, na hilo ndilo lililonitoa nyumbani kwenda kwa wazazi wangu Mikindani, Mtwara, mwezi wa kumi na moja badala ya kusubiri sikukuu. Mtoto ambaye hajafika miaka miwili anapakatwa, na nauli yake ni kipande kidogo tu cha nauli ya mtu mzima. Akishavuka hapo, anatakiwa kiti chake. Mimi fundi cherehani, hesabu zangu ni za mita na nusu mita, ila hiyo niliipiga haraka. Zamu yangu ya mchezo wa kuchangiana hela iliangukia mwezi wa kumi. Nikanunua tiketi yangu, ya Zawadi mwenye miaka mitatu na ya Baba wa kupakatwa, kabla hela haijapata kazi nyingine.

Najua mtaniuliza: mtu wa Mbagala, mabasi ya Kusini yanapita mlangoni kwako, ndege ya nini? Kweli yanapita. Alfajiri nawasikia makondakta wa Rangi Tatu wakiita Lindi, Mtwara, Masasi. Ni kilomita kama 560, na siku hizi unafika siku hiyo hiyo. Wala siiogopi barabara ile. Nimekua nayo tangu enzi za kivuko cha Mto Rufiji pale Ndundu, kabla Daraja la Mkapa halijafunguliwa mwaka 2003. Mlikuwa mnakuta magari yamepanga foleni, mnakula hapo, mnalala hapo, na masika yakikolea hakuna aliyeuliza mtafika lini.

Ila mwaka 2024, mwezi wa tano, tulishafunga mabegi ya basi. Mvua zikapiga, kimbunga Hidaya kikaja, barabara ikakatika huko njiani na mabasi yakasimama. Nikafungua mabegi. Baba alikuwa na miezi mitano. Tangu siku ile mama hakumaliza mazungumzo bila kusema, "Nitakufa sijamshika mume wangu."

Zawadi yeye alishashikwa. Mama alikuja kuniuguza uzazi mwaka 2022, akakaa arobaini, akarudi zake Mikindani. Baada ya hapo Bibi akahamia kwenye simu. Kila siku baada ya Magharibi anatupigia kwa video, na Zawadi anamwonyesha viatu, vidonda, chakula alichokataa. Sasa, simu yangu iliwahi kuanguka kwenye sakafu ya banda, kioo kikapasuka kuanzia kona ya juu hadi katikati. Ufa ule unapita sawasawa kwenye shavu la mama. Mimi nilishaacha kuuona.

Ndege ilikuwa iondoke saa sita mchana. Tulitoka nyumbani saa mbili na nusu, maana foleni ya mjini haina adabu. Pale dirishani wakaniomba vyeti vya kuzaliwa vya watoto, nikavitoa. Kama huna cheti, lishughulikie mapema, kwa sababu umri wa mtoto hauaminiwi kwa mdomo wa mama yake. Kwenye mashine ya ukaguzi nikaambiwa nimfungue Baba mgongoni, mbeleko ipite peke yake na mtoto apite peke yake. Baba alivyoona kanga yake inamezwa na mashine alilia kama amefiwa.

Tukakaa kusubiri. Saa sita ikapita. Saa saba tukasikia tangazo kwamba kuna ucheleweshaji, bila kuambiwa wa nini wala wa muda gani. Tuliondoka saa kumi! Hapo ndipo nilipoliona kosa langu. Safari ya angani ni kama saa moja, na mimi nilifungasha pampasi za safari ya saa moja: nne, tena nikajiona nimezidisha. Kufika saa nane Baba alishamaliza tatu, na ya nne alikuwa anaifanyia kazi. Mwenye watoto asihesabu saa za ndege. Ahesabu tangu anafunga kufuli la kwake mpaka anagonga mlango wa anakokwenda, halafu aongeze nusu.

Aliyeniokoa ni mama mmoja mtu mzima aliyekuwa anawahi msiba Newala. Alikuwa na doti nzima ya kanga kwenye mkoba, akanipa upande mmoja, na kabla sijasema asante akawa ameshamlaza Baba kwenye kiti anamfunga nepi. Nepi ya zamani: unakunja pembe tatu, unapitisha katikati, unafunga fundo kiunoni. Mimi nakata magauni ya maharusi lakini lile fundo lilinishinda kulielewa. Ilikaa mpaka Mikindani. Nilimwomba namba ya simu nimrudishie kanga yake, akasema, "Kanga iliyofunga mtoto hairudi, mwanangu."

Ndege yenyewe ilikuwa ya pangaboi, ile ambayo abiria mnapandia mlango wa nyuma, karibu na mkia. Zawadi anaijua pangaboi ya sebuleni kwetu. Akasimama pale chini anaangalia bawa.

"Mama, mbona feni iko nje?"

"Ndiyo inayotupeleka."

"Nani ataiwasha?"

Nikamwambia dereva. Akataka kujua kama umeme ukikatika itakuwaje. Watu waliokuwa nyuma yetu walicheka, ila niliona mmoja hakucheka.

Mhudumu alinipa mkanda mfupi wa mtoto, unaopenya kwenye mkanda wako na kumzunguka yeye kiunoni. Baba akaona ni mchezo wa kufungua na kufunga, tukaenda nao mpaka tunaacha ardhi. Nilikuwa nimeomba viti vya kushoto, kwa sababu ukienda Kusini bahari iko kushoto. Tukauona Rufiji unavyoingia baharini. Hauingii kwa mlango mmoja. Umechanika vipande vipande katikati ya mikoko, kama kitambaa ambacho fundi alisahau kukipiga pindo. Nilitaka Zawadi auone mto uliokuwa unatulaza njiani. Akatazama, akasema ana njaa.

Kushuka ndiko kubaya kwa masikio. Kupanda hawakushtuka wote wawili. Ndege inapoteremka, hewa ya nje inalisukuma sikio kwa ndani, na dawa yake ni kumeza: mate, maji, chochote. Zawadi nilimpa juisi ya mrija nikamwambia anywe kidogo kidogo. Baba alikuwa amelala, nami nikafurahi kwamba amelala, kumbe aliyelala hamezi. Aliamka na ukelele uliowafikia marubani. Chupa ya maji akaitupa. Uji akautema. Basi nikafanya nilichoapa sitafanya. Wiki tatu nzima nilikuwa namwachisha ziwa, nimepaka shubiri, nimelia naye usiku. Huko juu ya Kusini, mbele ya mwanamume mgeni mwenye tai, kazi yote ya shubiri ikaisha. Akanyonya, akanyamaza, masikio yakazibuka. Yule bwana aligeukia dirisha kwa heshima kubwa mpaka magurudumu yalipogusa chini. Nyie mkiona ndege inaanza kushuka, mwamsheni mtoto kabla maumivu hayajamwamsha.

Mtwara ilitupokea na joto lake. Tukachukua bajaji, mimi, watoto, mabegi, na nepi ya kanga iliyoanza kulegea. Ukitelemkia Mikindani ile ghuba inajifungua yote mara moja, maji yametulia, mibuyu imesimama. Nikawa namwambia Zawadi, "Pale ndipo kwa Bibi, umeona? Pale." Akapiga makofi njia nzima.

Mama alikuwa amesimama barazani. Nadhani alisimama tangu saa saba.

"Mume wangu! Mume wangu kafika! Na mke mwenzangu huyooo!"

Baba hakuwa na shida. Alimpita Bibi, akaenda moja kwa moja kwa babu yake aliyekaa kwenye mkeka, akamvua kofia, akaivaa. Mzee wangu si mtu wa maneno. Alimtazama, akasema, "Nang'olo mwenzangu," yaani mzee mwenzangu kwa Kimakonde, na kofia hakuidai.

Zawadi alijificha nyuma ya goti langu.

"Mpe Bibi shikamoo."

Kimya. Mama akachuchumaa, akanyoosha mikono. Zawadi akaanza kulia, akavuta gauni langu.

"Sio huyu. Bibi ana mstari hapa." Akajipitisha kidole shavuni.

Mama hakuelewa. Mimi nilielewa na nikashindwa kusema. Ukimwambia mama yako kwamba mjukuu anamjua kwa ufa wa kioo, utakuwa umemwambia mambo mengi kwa mpigo. Hatimaye nikatoa simu nikamwonyesha. Akaitazama muda. Akasema, "Ahaa," akainuka, akasema anakwenda kupuliza moto.

Baba yangu naye akauliza, "Daraja mmeliona?"

"Tumekuja na ndege, baba. Tumepita juu."

"Mkapa, mtoto wa hapa hapa Masasi, katujengea daraja. Nyie mnapita juu yake kama kunguru."

Sikupata jibu, kwa sababu adhana ya Magharibi ilikuwa imetoka kitambo na simu yangu ikaanza kuita. Bibi. Kwa video. Zawadi aliidaka. Uso wa mama ukatokea, nyuma yake moshi na sufuria, na ufa mahali pake pa siku zote.

"Bibi!"

"Mke mwenzangu, umeshakula?"

"Bado. Tumepanda feni."

Sauti ilikuwa inasikika mara mbili, simuni na nyuma ya ukuta, ya simuni ikichelewa kidogo. Zawadi akainua kichwa. Mama akaendelea kusema kwamba amepika samaki wa nazi, na kuna bibo kubwa amelificha kwenye kapu, na kapu liko karibu na mlango wa jikoni. Zawadi akatembea na simu mkononi, akifuata ile sauti iliyokuwa inatangulia. Mimi sikuinuka. Nilisikia mama anasema "karibu" mara mbili, halafu mara moja tu.

Siku kumi zilizofuata zilikuwa za mabibo. Tulifika mikorosho ya nyuma ya nyumba ikidondosha, na watoto walishinda chini yake. Nilikuwa nimewashonea nguo za sare za kitenge kwa ajili ya picha. Doa la bibo halitoki, hata mkiloweka vipi, na mimi fundi nililijua hilo tangu nikiwa mdogo. Sare zile sasa ni za kuchezea. Lililonitia hofu ni korosho zenyewe. Ganda bichi lina mafuta yanayobabua midomo na vidole, na Baba hutia kila kitu mdomoni. Mzee alihamishia mkeka wake chini ya mkorosho, akawa anaketi pale kutwa nzima anaokota korosho kabla ya mwenziwe. Alisema anavuna tu, halindi mtoto.

Kurudi sina mengi. Ndege iliwahi. Mama alinipa korosho zilizobanguliwa, samaki wakavu na unga wa muhogo. Mzani ukakataa, nikahamishia korosho kwenye begi la mkononi, mahali palipokuwa na pampasi. Safari hii nilinunua pampasi kumi na mbili, zikatumika mbili.

Tumerudi Mbagala Jumamosi. Jumapili baada ya Magharibi Bibi akapiga. Zawadi alimsalimia, akamtazama, halafu akashuka kitandani na simu, akaenda ukumbini hadi kwenye jiko tunalochangia na wapangaji wenzetu, akainua pazia. Mama Salma alikuwa anakaanga mihogo. Zawadi akachungulia nyuma yake, akachungulia nyuma ya ndoo.

"Hayupo," akaniambia.

Simuni mama akawa anacheka. "Mwambie mke mwenzangu nimekwenda kuteka maji. Anisubiri."

Zawadi akavuta kibao cha mbuzi, akakalia.