Utakula tunachokula sisi

Tumerudi Nyakato, hapa Mwanza, tangu juzi usiku, nguo za safari bado ziko kwenye begi, na kichwani mwangu kuna sentensi moja ya mama mkwe inayozunguka kama pangaboi bovu. Nikisuuza vyombo naisikia. Nikisubiri daladala naisikia. "Haya, basi utakula tunachokula sisi."

Tulifika Nansio, kisiwani Ukerewe kwa kina baba Neema, Alhamisi jioni, baada ya mwendo wa saa tatu na ushee majini, Neema katapika mara mbili. Mama alikuwa ameshatandika mkeka. Nikafunua hotpoti, mvuke ukanipiga usoni: chapati. Zimekunjwa nne nne, zinang'aa mafuta, laini mpaka zinajikunja zenyewe. Alimtuma mtoto dukani kununua kilo mbili za unga wa ngano, na sikuhitaji kuambiwa kwamba hazikupikwa kwa ajili ya baba Neema, aliyezaliwa pale pale. Zilikuwa zangu, mkwe wa mjini.

"Mama, nisamehe. Ngano siwezi. Ndio ule ugonjwa wa seliaki niliokueleza kwenye simu."

"Hata moja?"

"Hata kipande, mama."

"Hata ukichovya kwenye mchuzi?"

Baba Neema akacheka. (Hilo tumeshalizungumza, limekwisha. Karibu limekwisha.)

Kumbe mama kwenye simu alisikia "tumbo" akaelewa vidonda vya tumbo, ndiyo maana alizifanya laini vile, zisinikwaruze. Akarudisha mfuniko wa hotpoti, akauzungusha polepole mpaka ukalia. Ndipo akasema ile sentensi.

Sasa nisaidieni. Ile "sisi", mimi nimo au simo? Kiswahili kina sisi moja tu, ya kufungulia mlango na ya kufungia. Nilimuuliza baba Neema usiku ule, chini ya neti, unadhani mama alimaanisha nini? Akajibu, "Alimaanisha utakula wanachokula." Akalala.

Na kweli nilikula. Ijumaa asubuhi michembe na karanga. Mchana ugali wa udaga na sato wa kuchemsha, nyanya, kitunguu, chumvi, basi. Kwa wasioujua, udaga ni muhogo uliomenywa, ukavundikwa mpaka ukaota ukungu, ukakwanguliwa, ukaanikwa juu ya yale mawe makubwa ya Ukerewe, kisha ukasagwa. Ugali wake ni mweusi mweusi na unavutika kuliko chapati yoyote, halafu hauna hata chembe ya gluteni, ile protini ya ngano inayoniumiza. Hapa mjini nikiingia hotelini nahoji kama polisi: samaki mmempaka unga? Haya mafuta yamekaangia maandazi? Kwenye pilau mmetia sosi ya soya? Kule sikuuliza kitu, nikawa namega tu. Lakini kila nikimega namtazama mama usoni, na mama anatazama sahani yangu.

Jumamosi ndiyo mahari ya wifi, ng'ombe kumi, wazee wakasifiana mpaka jua likazama, na mimi sehemu kubwa ya shughuli nilikuwa chooni. Kosa ni langu. Asubuhi wifi alinipa uji, nikanywa nusu kikombe ndipo nikauliza umechanganya nini. "Lishe tu, wifi. Mahindi, ulezi, soya, karanga, na ngano kidogo iongeze nguvu." Mwaka mzima nawafundisha watu kusoma vibandiko vya pakiti, halafu naangushwa na uji.

Mama akanifuata jikoni nilikojificha. Akakaa kwenye kigoda, akachokoa moto.

"Hiyo ngano inakufanyaje hasa?"

Mlionisindikiza enzi za damu kushuka mpaka saba, dawa za minyoo zisizoisha na ule mpira wenye kamera wa kuchungulia tumbo mnajua nina maelezo marefu. Yote yakanikimbia. Nikasema, "Mama, mwili wangu ukiiona ngano unadhani ni adui, unarusha ngumi. Lakini ngumi zinatua kwenye utumbo wangu mwenyewe."

"Kama mlevi."

"Kama mlevi, mama."

Tukacheka mpaka moshi ukatutoa machozi. Akauliza dawa yake nini, nikamwambia hakuna, ni kutoigusa ngano maisha yangu yote, na shayiri vilevile, hata bia. Akatikisa kichwa. "Zamani huku ngano tulikuwa tunaiona kanisani tu," akasema, "na yenyewe nyembamba."

Nilidhani hapo yamekwisha. Jumapili nikabaki kwenye benchi wakati wa komunyo. Hostia, kile kimkate chembamba cha komunyo, lazima iwe ya ngano, Kanisa halikubali unga mwingine. Kigangoni kwetu padri ananipa divai peke yake, ila kule nilikuwa mgeni na nikaona aibu kumfuata sakristia. Benchi zima likanipita magoti. Kisha nikaona shingo ya mama ikigeuka, polepole, kama ule mfuniko. Alikuwa anakumbuka jikoni, au alikuwa anahesabu dhambi zangu?

Jumatatu bandarini akanikabidhi mfuko wa udaga, debe zima, umefungwa kwa kitambaa cha kanga yake. "Wa kwako," akasema. Hakusema wenu. Tangu hapo ninazo sentensi mbili za kuzungusha.

Nitaandika vizuri nikitulia. Sasa hivi siwezi, nimehesabu kuku mara tatu tangu asubuhi. Niliacha tisa, wako saba, na binti wa jirani niliyemwachia ufunguo anasema walikuwa saba tangu mwanzo.