Taa ya tangi la samaki niliyojiundia Kisumu

Taa nyingi zinazouzwa pamoja na matangi ya samaki zimeundwa kumfurahisha mtu aliyekaa kwenye kochi. Zimejaa buluu, nyingine zambarau, na sebule inageuka kama disko. Mimi nafuga fulu, na kwa fulu mwanga ni jambo zito. Ndiyo maana niliamua kuunda taa yangu mwenyewe.

Kwa asiyewajua, fulu ni vile visamaki vya Ziwa Victoria ambavyo wavuvi hutumia kama chambo cha mbuta (sangara). Watu wengi wa hapa huwaona ni takataka za wavu, na hilo huniuma. Kulikuwa na mamia ya aina zao kabla mbuta hajaletwa ziwani miaka ya 1950, na alipoongezeka sana miaka ya 1980, aina nyingi zilipotea. Dume aliyekomaa hujaa rangi: nyekundu, njano, buluu, na mabaka kama mayai kwenye pezi la chini, karibu na mkia. Jike huchagua dume kwa rangi hizo. Mtafiti wa samaki Ole Seehausen na wenzake walieleza mwaka 1997 kwamba maji ya ziwa yakichafuka, rangi hazionekani vizuri, majike hushindwa kutofautisha madume, na aina mbalimbali huanza kuchanganyika. Mfano wanaoutumia sana ni wa samaki wawili wa upande wa Mwanza. Pundamilia pundamilia (ndilo jina lake la kisayansi), ambaye dume wake ni wa buluu, hukaa karibu na uso wa maji. Pundamilia nyererei, aliyepewa jina la Mwalimu Nyerere mwaka 1985, dume wake ni mwekundu, naye hukaa chini zaidi ambako mwanga wa buluu hufika kidogo tu. Majaribio yalionyesha kwamba chini ya mwanga wa rangi moja majike huacha kuchagua kwa rangi. Nilipoyasoma hayo sikuweza tena kuzitazama zile taa za zambarau.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza wati, niliuliza rangi. Nilitaka mwanga mweupe wa kelvini 6,500 hivi, unaokaribia ule wa mchana, na wenye kuonyesha rangi kwa uaminifu. Kipimo chake huandikwa CRI, na 90 kwenda juu ni kizuri. Shida ni kwamba tepe nyingi za LED (vitaa vidogo vilivyopangwa kwenye utepe) madukani hazina maandishi ya kuaminika. Nilikwenda na leso yenye nyekundu, chungwa na kijani, nikamwomba muuzaji awashe kila utepe nami niishike leso chini yake. Chini ya utepe mmoja nyekundu iligeuka ya kahawia na kijani ikafifia. Chini ya mwingine leso ilibaki vile inavyoonekana ikianikwa nje. Nilinunua huo wa pili, ingawa ulikuwa ghali kidogo.

Tangi langu lina urefu wa sentimita 90, upana 40 na kina 45, yaani maji kama lita 150. Nilichagua utepe wa volti 12, wenye LED 60 na wati 14.4 kwa mita. Mistari mitatu ya sentimita 80 inatoa jumla ya mita 2.4, ambazo ni kama wati 35, au ampea 3 hivi. Adapta niliyoweka ni ya ampea 5, kwa sababu adapta inayolazimishwa kufanya kazi hadi ukomo wake huchemka na haidumu. Utepe wa aina hii haukatwi popote. Kila LED tatu zina mzunguko wao, kwa hiyo unakata kwenye alama za shaba zinazojirudia kila sentimita 5. Kila mstari niliuvutia waya zake kutoka kwenye adapta. Ukiiunganisha mistari yote mmoja baada ya mwingine, volti hupungua njiani na mwisho wa utepe huwaka hafifu.

Sehemu iliyonifurahisha zaidi ni umbo lenyewe. Nilikwenda soko la Kibuye kwa fundi wa madirisha ya alumini kuomba vipande vilivyobaki. Nilikuwa nafikiria fremu ya mbao yenye alumini juu tu.

"Omera, hii inakaa juu ya maji?" akaniuliza.

"Juu ya tangi la samaki, fundi."

"Basi achana na mbao. Mbao itakunywa mvuke, mwaka hauishi imepinda. Weka alumini tupu, nikupigie ribiti."

Akanikatia vipande vitatu vya urefu sawa, akavifunga pamoja kwa ribiti, na akaweka miguu ya sentimita nane kila upande. Ushauri wake ulinisaidia kwa njia mbili, kwa sababu alumini ndiyo pia inayonyonya joto la LED. LED haifi ghafla kama balbu ya zamani. Joto huifanya ififie polepole, na mimea huanza kudhoofika kabla jicho lako halijagundua.

Nilisugua alumini kwa spiriti hadi kitambaa kikatoka safi, nikabandika utepe, nikalehemu waya. Kisha silikoni. Hapa sikiliza vizuri: silikoni ya kugundishia vioo vya tangi ni ile inayonuka siki, nayo ni sawa kabisa kwa kioo. Lakini ile siki hula shaba. Kwenye ncha za utepe na sehemu zilizolehemiwa, tumia silikoni isiyo na harufu hiyo. Kati ya taa na maji kuna kifuniko cha kioo, ambacho pia huwazuia fulu kuruka nje, kwa maana fulu akifukuzwa na mwenzake huruka kweli.

Kuhusu stima sina mzaha. Juu ya maji kuna volti 12 tu. Adapta yenye volti 240 nimeifunga ukutani, mbali na tangi, na waya unashuka chini ya soketi kisha unapanda, ili tone likifuata waya lidondoke sakafuni badala ya kuingia kwenye plagi. Soketi yenyewe inalindwa na swichi inayokata umeme unapovuja, ya miliampea 30. Nimeona nyumba ambazo taa ya volti 240 inaning'inia wazi juu ya tangi na watoto wanatia mikono humo. Tafadhali, usifanye hivyo.

Taa huwaka kuanzia saa saba mchana hadi saa tatu usiku. Saa nane zinatosha. Ukizidisha, mwani hufunika kioo na mawe. Saa ya kuwasha na kuzima niliyonunua ni ya kidijitali yenye betri ndogo ndani. Zile za kuzungusha kwa mkono husimama stima ikikatika, na ikikatika kwa saa mbili, ratiba nzima inasogea saa mbili. Hapa kwetu baada ya wiki chache taa ingewaka usiku wa manane.

Mwanzoni niliweka kidhibiti cha kupunguza mwanga, nikaanza na theluthi moja, kwa sababu fulu walijificha nyuma ya mawe. Nilipandisha kidogo kidogo. Sasa madume wawili wamegawana tangi, kila mmoja na jiwe lake. Yule wa kushoto, ambaye chini ya taa ya zamani nilidhani ni wa kijivu, ana wekundu kuanzia nyuma ya kichwa hadi mkiani.

Jamaa huniuliza kama nimeunganisha taa na betri ya sola, maana volti 12 inaruhusu. Inawezekana, ila mimi betri nimeiachia pampu ya hewa. Samaki atakaa gizani usiku mzima bila shida, lakini tangi lenye samaki wengi likikosa hewa kwa saa kadhaa, utawakuta wanahema juu ya maji.