Sauti ya kwanza

Jumamosi, usiku

Jioni hii nilikuwa napiga pasi joho la kwaya, simu nimeiegemeza kwenye kopo la sukari, namsikiliza Ney Matogrosso. Shangazi alikuwa mkekani anachambua mchele. Wimbo wa pili ulipofika katikati akauliza, "Mwanamke gani huyu mwenye sauti hivi?" Nikamwambia si mwanamke, shangazi, ni mwanamume wa Brazili, na sasa amepita miaka 80. Akaacha kuchambua. "Hebu urudishe," akasema. Nikaurudisha, tukausikiliza mpaka mwisho bila kusemezana, ungo umetulia mapajani mwake.

Sauti yangu haikushuka kama ya wenzangu. Kidato cha pili wavulana walibadilika mmoja mmoja, wakaanza kunguruma, mimi nikabaki kulekule juu. Mwalimu wa kwaya wa wakati ule akanitoa sauti ya kwanza, akanihamishia sauti ya tatu, akasema mbele ya watu wote kwamba mwanamume hasimami na akina mama. Tangu hapo naimba kwa kujibana. Hata simu ikiita, naishusha sauti kwanza ndipo naitikia. Nimeifanya kazi hiyo miaka mingi mpaka nikasahau kuwa ni kazi.

Ndiyo maana habari za Ney zimenikaa moyoni mwezi huu mzima. Alizaliwa tarehe 1 Agosti 1941 katika mji wa Bela Vista, mpakani na Paraguay, eneo ambalo siku hizo lilikuwa ndani ya jimbo la Mato Grosso. Jina lake ni Ney de Souza Pereira. Baba yake alikuwa mwanajeshi, mtu mkali, na hakutaka kusikia habari ya mtoto msanii. Kijana akaondoka nyumbani akiwa na miaka 17, akaingia jeshi la anga. Baadaye alifanya kazi hospitalini Brasília, kwenye maabara, na huko akawa anaimba na kikundi cha watu wanne. Kisha akaishi kwa kushona na kuuza vitu vya ngozi. Alipokuja kuchagua jina la jukwaani alichukua Matogrosso, jina ambalo baba yake naye alikuwa nalo. Hapo huwa nasimama kidogo. Aliondoka kwa baba, lakini jina akalibeba.

Watu wakimsimulia huanza na manyoya aliyovaa jukwaani na kiuno alichokata. Mimi naanza na hili: mwanzoni mwa miaka ya 1970 João Ricardo alikuwa São Paulo anatafuta mwimbaji wa kundi lake, na alichokuwa anatafuta ni sauti nyembamba ya juu. Mwanamuziki Luhli akamwelekeza kwa Ney. Yaani kile ambacho mimi nilitolewa mstarini kwa sababu yake, mwenzangu alifuatwa kwa ajili yake.

Kundi liliitwa Secos & Molhados, vikavu na vya majimaji, maneno waliyokuwa wakiita maduka ya vyakula huko. Albamu ya kwanza ilitoka 1973. Jalada lake nimelikuza kwenye simu mara nyingi: meza ya chakula, mikate, soseji, vitunguu, na katikati ya vyakula hivyo vichwa vinne vya watu kwenye sahani, nyuso zimepakwa rangi nyeupe na nyeusi. Brazili ilikuwa chini ya wanajeshi tangu 1964, magazeti na nyimbo vinapitia kwa wakaguzi, na huyu anapanda jukwaani kifua wazi, manyoya na shanga, anakata kiuno na kuwakazia macho watu. Februari 1974 walijaza ukumbi wa Maracanãzinho, Rio de Janeiro, watu zaidi ya 20,000. Rangi ile ya uso ilimfaa kwa jambo jingine pia: akiinawa, angeweza kwenda sokoni na asijulikane na mtu.

Katika albamu hiyo upo wimbo mtulivu sana, shairi la Vinicius de Moraes kuhusu Hiroshima. Ndio ule ambao shangazi aliniambia niurudishe. Hapo hakuna kiuno wala manyoya. Ni sauti tu, inapanda polepole kama mtu anayebeba maji yaliyojaa hadi ukingoni.

Agosti 1974 alitoka kundini, kulikuwa na ugomvi wa uongozi na fedha, akaendelea peke yake. Mwaka 1981 akaimba "Homem com H", forró (muziki wa kucheza wa kaskazini-mashariki mwa Brazili) ya Antônio Barros, mtunzi wa Paraíba. Ni wimbo wa kujisifu uanaume, mwanamume kwa herufi kubwa. Ukiupitisha kwenye koo lile na mwili ule, maneno yaleyale yanageuka swali. Watu wakaucheza nchi nzima. Naamini wapo walioucheza ambao mtaani wangemrushia matusi, na huo ndio ushindi wake ninaoupenda kuliko wote.

Alimpenda Cazuza, mwimbaji wa roki wa Brazili, wakapendana na kuachana, wakabaki marafiki. Cazuza alipokuwa anaugua UKIMWI, Ney ndiye aliyemwongozea onyesho lake la 1988. Cazuza alifariki tarehe 7 Julai 1990, ana miaka 32. Siwezi kuandika zaidi juu ya hilo usiku huu.

Lakini mwaka ninaourudia ni 1987. Jukwaani alikuwa ameshavua manyoya, amevaa suti, hana rangi usoni, piano ni ya Arthur Moreira Lima na gitaa la Raphael Rabello. Nyimbo za zamani, taratibu. Waliodhani kwamba Ney ni mavazi walipewa nafasi ya kuona. Sauti ilikuwa palepale juu, hakuishusha hata kidogo ili ifanane na suti.

Alasiri mazoezini nilimfuata mwalimu wetu wa sasa, nikamwomba anirudishe sauti ya kwanza. Aliniuliza kama nitafika ile noti ya ubeti wa mwisho. Nikamwimbia. Akaniangalia, akachukua penseli, akafuta jina langu upande mmoja wa daftari na kuliandika upande wa pili.

Kesho nitasimama mstari wa mbele, kushoto, pamoja na akina mama saba. Joho la upande huo lina kola ya njano, na nililopewa lilikuwa fupi mikononi, kwa hiyo nimefumua pindo, nikalishona upya, ndipo nikalipiga pasi.