Fomu za sahihi tunazihesabu kama pesa

Wiki mbili sasa meza ya hapa kwangu hailiwi chakula, imejaa fomu. Tunapeleka ombi bunge la kaunti juu ya soko letu, choo hakuna, mvua ikinyesha ni matope hadi magotini, na kazi ya karatasi ikaniangukia mimi eti ndo niko na laptopu.

Nikadhani ni kuprinti tu. Raundi ya kwanza ombi lilikuwa ukurasa wa mbele peke yake, halafu nyuma karatasi za mistari ya jina, namba ya kitambulisho na sahihi. Mzee mmoja anayeuza viazi akaigeuzageuza akaniuliza, sasa kijana, mtu aking'oa hii ya mbele abandike yake ya kuuza soko, si sisi ndo tutakuwa tumesaini? Nilikosa jibu. Nikarudi saiba, ombi lote likaingia juu ya kila karatasi kwa herufi ndogo, na kila moja ikapigwa namba.

Siku hizi nina daftari, nani amechukua karatasi namba gani mpaka gani na amerudisha saa ngapi, iliyoharibika pia inarudi, na jioni mistari iliyobaki tupu tunaikata kwa peni ili usiku isije ikajijaza majina.

Wengine wananiona nimezidi. Lakini kumbukeni Okoa Kenya, ile kampeni ya kutaka kubadilisha katiba, walipeleka sahihi kama milioni 1.6 na 2016 IEBC, tume ya uchaguzi, ikapata halali 891,598 wakati katiba inataka milioni moja. Yetu ni kadogo sana ukilinganisha na hiyo, ila karatasi mbovu ni karatasi mbovu. Halafu kuna hii ya vitambulisho, tangu 2021 watu walipojikuta kwa mtandao ni wanachama wa vyama vya siasa hawajawahi kujiunga, ukimwomba mama namba yake anakuangalia kama konkodi aliyekataa na chenji, na mimi simlaumu.

Sasa juzi nikihesabu, namba 37 haipo. Tumetafuta mpaka saa nne usiku. Asubuhi ikapatikana kwa kibanda cha chai, imefungiwa mandazi, ina mafuta, na majina manne yanasomeka vizuri kabisa. Ikabidi nizunguke kwa hao wanne mmoja mmoja niwaambie. Watatu walicheka wakasaini upya. Wa nne akasema lake nilifute, nikalifuta akiona.